Sura ya Sita: Mafuta ya Tilapia Yanatoka Wapi

Gunia la kilo 100 za mpunga likikobolewa pale Wang'uru, Mwea, mchele mweupe unaotoka hauzidi sana kilo 65. Kilo 20 hivi ni makapi, maganda makavu ambayo hata ng'ombe mwenye njaa huyasogeza pembeni kwa pua. Kisha kuna vunjikavunjika za mchele, na mwisho kabisa pumba: kilo 8 au 10 za unga laini wa rangi ya kahawia, wenye harufu tamu siku unapotoka kinuni na harufu nyingine kabisa wiki inayofuata. Mchele wenyewe, pishori, hupakiwa kwenye lori na kwenda Nairobi na jina lake. Pumba hubaki Mwea na kugombaniwa. Mwenye ng'ombe wa maziwa anazitaka, mwenye nguruwe anazitaka, na tangu mwaka 2009 mwenye kidimbwi cha samaki naye amejiunga na foleni.

Wengi huzinunua kama kitu cha kujaza tumbo la mnyama. Hilo ni kuzidharau. Pumba safi, isiyochanganywa na makapi, ina mafuta ya asilimia 12 hadi 20 ya uzito wake, kiasi kinachoikaribia maharagwe ya soya. Japani na India huyakamua wakapikia. Huku kwetu huyamwaga kidimbwini pamoja na pumba yenyewe, samaki akala, na miezi sita au minane baadaye mafuta yale yale yamelala ndani ya minofu ya tilapia kwenye sahani ya mtu Karatina au Embu. Hayakubadilika kiasi ambacho watu hudhani. Protini anayokula samaki huvunjwa na kuundwa upya kwa mpango wa mwili wake, kwa hiyo minofu ya tilapia ina protini ile ile, awe alikula soya au dagaa. Mafuta hayaendi hivyo. Sehemu kubwa ya mafuta ya samaki ni nakala ya mafuta ya chakula chake. Ukitaka kujua aliishi vipi, usipime misuli yake, pima mafuta.

Tuanze na swali la namna samaki walivyofika kwenye nchi ya mpunga, maana si jambo la kawaida. Wakikuyu wa zamani hawakuwa walaji wa samaki. Mito iliyoshuka kutoka Kirinyaga ilikuwa na samaki wadogo, lakini samaki hakuhesabiwa kuwa chakula cha mtu mzima mwenye mbuzi. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyojenga vituo viwili vya ufugaji mwaka 1948: Sagana kwa samaki wa maji ya uvuguvugu, na Kiganjo karibu na Nyeri kwa trauti wa maji baridi. Miaka michache baadaye, wakati wa Hali ya Hatari, mifereji ya Mwea ilichimbwa kwa jasho la mahabusu wa Mau Mau, na maji ya Thiba na Nyamindi yakaanza kusambazwa kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Udongo huo humtesa mwenye gari msimu wa mvua, lakini hushika maji vizuri. Mfugaji wa samaki wa Mwea ana bahati ambayo mwenzake wa milimani, anayelazimika kutandika karatasi ya nailoni chini ya kidimbwi, hana.

Kwa miaka 60 Sagana ilibaki mahali pa watafiti na wanafunzi. Mabadiliko yalikuja na mpango wa serikali wa kuchochea uchumi mwaka 2009, uliochimba vidimbwi 200 vya mita 300 za mraba katika kila moja ya maeneobunge 140. Kiwanda kidogo cha kusindika samaki kilijengwa Tetu, kaunti ya Nyeri, mahali ambapo kizazi kimoja nyuma mtu angecheka kusikia habari hiyo. Uzalishaji wa samaki wa kufugwa nchini, uliokuwa chini ya tani 5,000, ulipanda hadi karibu tani 24,000 mwaka 2014. Kisha ukaporomoka. Kufikia mwaka 2017 ulikuwa umebaki takriban nusu. Ruzuku ziliisha, na wafugaji wengi waligundua kwamba zaidi ya nusu ya gharama za kufuga samaki ni chakula. Waliobaki walirudi kwa kilichokuwa karibu. Mwea, kilicho karibu ni pumba.

Mafuta ya pumba ya mpunga yakipimwa maabara, asidi za mafuta za jamii ya omega-6 huchukua karibu theluthi moja. Za jamii ya omega-3 hazifiki asilimia 2. Yaani omega-6 ni zaidi ya 15, mara nyingine zaidi ya 20, kwa kila moja ya omega-3. Mahindi ni mabaya zaidi katika hesabu hii: mafuta yake ni zaidi ya nusu omega-6, na omega-3 ni asilimia 1 hivi. Mashudu ya alizeti na ya pamba yako kundi hilo hilo. Soya ina afadhali kidogo. Ukizunguka maduka yote ya vyakula vya mifugo kuanzia Kutus hadi Nyeri mjini, karibu kila gunia utakaloliona linaelemea upande mmoja.

Tilapia mwenyewe halalamiki. Mahitaji yake ya lazima ni omega-6, asilimia 0.5 hadi 1 ya chakula, na pumba inayatosheleza. Atakua, atang'aa, atataga. Hakuna ugonjwa utakaomwonyesha mfugaji kwamba kuna kitu kinapungua, kwa sababu kwa samaki hakipungui. Kinampungukia mlaji. Faida yote ya samaki inayosifiwa kliniki na redioni, ya moyo, ya macho, ya ubongo wa mtoto tumboni, inatokana hasa na omega-3 mbili ndefu zinazojulikana kwa herufi, EPA na DHA. Mahitaji ya samaki na mahitaji ya mla samaki si kitu kimoja, na soko linapima uzito peke yake.

Je, samaki hawezi kujitengenezea? Hakuna mnyama mwenye uti wa mgongo anayeweza kuunda omega-3 kutoka sifuri. Tilapia ana uwezo mwingine ambao sisi binadamu tunao kwa shida: akipewa omega-3 fupi, ile ya mimea, anaweza kuirefusha mpaka ikawa DHA. Tatizo ni kwamba vimeng'enya vinavyofanya kazi hiyo ndivyo pia vinavyorefusha omega-6. Ni kama kinu kimoja cha Wang'uru chenye mdomo mmoja: mkulima wa kwanza ameleta magunia 20, wa pili ameleta moja. Mwenye kinu hapendelei mtu, lakini hadi jioni mchele mwingi utakaotoka ni wa yule wa magunia 20. Kwa hiyo si tu kwamba pumba haina omega-3 ya kutosha. Wingi wa omega-6 yake huziba njia ya ile kidogo iliyopo.

Mwaka 2008 jambo hili lilizua ugomvi Marekani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, wakiongozwa na Kelly Weaver, walipima samaki wanaouzwa sana nchini humo na kukuta tilapia wa kufugwa, aliyekuzwa kwa mahindi na soya, akiwa na asidi ndefu ya omega-6 iitwayo AA takriban 11 kwa kila EPA moja. Samoni na trauti walikuwa kinyume chake. Magazeti yakakimbilia kuandika kwamba tilapia ni mbaya kuliko bekoni ya nguruwe. Wataalamu wengine wa mafuta, akiwemo William Harris, walijibu haraka kwamba huo ni upuuzi. Nawaunga mkono, kwa sababu ya hesabu rahisi: gramu 100 za minofu ya tilapia zina mafuta chini ya gramu 2. Nyama ya kusaga ya ng'ombe ina 15 au 20. Uwiano mbaya wa kitu kidogo bado ni kitu kidogo.

Lakini jibu hilo lina upande wa pili ambao watetezi wa tilapia hawakuusema kwa sauti. Ikiwa mafuta yote hayafiki gramu 2, basi na DHA haiwezi kuwa nyingi. Katika tilapia wa kawaida wa kufugwa, EPA na DHA kwa pamoja ni karibu miligramu 100 kwa kila gramu 100 za minofu mibichi. Kiwango cha chini ambacho FAO na Shirika la Afya Duniani walipendekeza mwaka 2010 kwa mtu mzima ni miligramu 250 kwa siku. Samoni wa kufugwa hutoa gramu nzima au mbili kwa kipande hicho hicho. Mtu wa Kerugoya anayekula tilapia mara mbili kwa mwezi kwa ajili ya omega-3 anajidanganya kwa raha. Amekula protini safi, jambo jema, lakini tusichanganye mambo.

Hata hivyo, tilapia hakuwa hivi tangu mwanzo. Huyu ni samaki wa kwetu, kutoka Nile na maziwa ya Bonde la Ufa, na katika maziwa hayo hakula mahindi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti David Moriarty alimchunguza katika Ziwa George, Uganda, akagundua jambo la ajabu: tilapia huishi kwa kumeza vimea vidogo vya majini, hata vile vya rangi ya kijani-bluu ambavyo samaki wengi hawawezi kuvimeng'enya, kwa sababu asidi ya tumbo lake hushuka hadi pH 1.4. Ni tumbo kali kuliko la wanyama wengi tunaowajua. Kwa tumbo hilo anafungua chembe za mwani zilizofungwa kwa kuta ngumu na kunyonya kilichomo ndani, pamoja na omega-3. Maana kiwanda cha omega-3 duniani si samaki, ni mwani. Samaki ni dalali tu.

Mtu aliyeliona hili mapema ni Michael Crawford, aliyefundisha biokemia katika chuo cha udaktari cha Makerere kuanzia mwaka 1960. Alitumia miaka mingi baadaye kutetea wazo kwamba ubongo wa binadamu ulikua mkubwa kando ya maji. Mwaka 1998 yeye na wenzake, Leigh Broadhurst na Stephen Cunnane, walichapisha makala katika jarida la lishe la Uingereza wakionyesha kwamba uwiano wa asidi ndefu za mafuta katika samaki wa maji matamu wa Afrika Mashariki unakaribiana na ule wa ubongo wa mtu kuliko chakula kingine walichokijua. Nadharia yenyewe ya ubongo bado ina wapinzani wake na si kazi ya sura hii kuamua. Vipimo vya samaki ndivyo vinavyotuhusu: tilapia wa ziwani, asiyelishwa na mtu, alikuwa na mafuta ambayo tilapia wa pumba hana.

Sasa rudi kwenye kidimbwi cha Mwea. Afisa wa samaki akimtembelea mfugaji, moja ya mambo ya kwanza anayofanya ni kutumbukiza mkono majini hadi kwenye kiwiko na kutazama vidole. Akiviona vizuri, maji ni maangavu mno. Asipoviona, mwani umeshika. Wafugaji huyaita maji ya kijani, na hupatikana kwa kutia samadi ya ng'ombe au kuku, au mbolea ya kiwandani kidogo kidogo, ili vimea vidogo vichipuke. Watafiti wa Sagana, pamoja na wenzao wa vyuo vikuu vya Oregon State na Auburn waliofanya kazi hapo kuanzia miaka ya 1990, walijenga mfumo mzima juu ya maji hayo: mbolea kwanza, kisha pumba ya kuongezea. Walilinganisha hata pumba za mahindi, za ngano na za mpunga ndani ya vidimbwi vilivyotiwa mbolea. Shabaha yao ilikuwa ukuaji na faida ya mfukoni, si omega-3. Lakini bila kukusudia walikuwa wamehifadhi njia ya zamani ya tilapia kupata mafuta mazuri. Katika kidimbwi kama hicho, pumba humpa samaki nguvu na omega-6, na maji ya kijani humpa omega-3. Diatomu zikiwa nyingi, anapata hata EPA iliyokamilika, asihitaji kupanga foleni kwenye kinu.

Kwa hiyo ninayo shaka na namna neno "kisasa" linavyotumiwa katika ufugaji wetu. Mfugaji anayetajwa kuwa wa kisasa ana tangi au kidimbwi cha nailoni, maji maangavu, samaki wengi waliobanana, na chakula cha tembe zinazoelea. Samaki wake wanakua haraka na wanalingana ukubwa; hilo sipingi, na mteja wa hoteli analitaka. Lakini samaki huyo hana mwani wa kula. Mafuta yake yote yatatoka kwenye gunia. Na gunia la tembe za tilapia, kwa sababu ya bei, limejaa soya, mahindi, ngano na pumba, na mafuta ya samaki kidogo sana au hakuna. Mzee mwenye kidimbwi cha udongo kilichopata rangi ya mboga, anayetupa pumba na kwenda shambani, anaweza kuwa anavuna samaki mdogo zaidi lakini mwenye mafuta bora. Tofauti hiyo haionekani kwa macho wala kwa mizani ya pale sokoni.

Pumba yenyewe ina kasoro nyingine, na hii mfugaji anaweza kuirekebisha bila senti. Punje ya mpunga ikiwa nzima, mafuta yake na kimeng'enya kinachoyavunja hukaa vyumba tofauti. Kinu kikipasua tabaka la nje, viwili hivyo hukutana, na mafuta huanza kuoza saa hiyo hiyo. Baada ya siku chache katika joto la Mwea, pumba imechacha. Unaisikia puani, ukali unaofanana na rangi ya nyumba. Mafuta yaliyochacha hayapotezi lishe peke yake; hula pia vitamini E iliyomo kwenye chakula na ile ya mwili wa samaki, huchosha ini lake, na huharakisha kuharibika kwa minofu baada ya kuvuliwa. Zile asidi ndefu za omega-3, kwa kuwa ndizo laini zaidi, ndizo za kwanza kuteketea. Mnunuzi mjanja haulizi bei kwanza.

"Kijana, hii pumba ni ya leo?"

"Ya leo, mama. Bado ina joto."

Atatumbukiza mkono kuhakikisha joto, atainusa, atasugua kidogo kati ya vidole kuona kama ina makapi. Pumba iliyochanganywa na makapi, kama inavyotoka katika vinu vya zamani vinavyokoboa na kung'arisha kwa mkupuo mmoja, ina mafuta machache na mchanga mwingi wa silika. Samaki anaimeza na kuitoa. Akinunua gunia la siku tatu badala ya magunia ya mwezi mzima, amefanya zaidi ya nusu ya kazi. Anayeweza kuikaanga kidogo juu ya bati hadi ikauke kabisa, atakuwa ameua kile kimeng'enya, na pumba itakaa wiki kadhaa.

Panda sasa barabara kuelekea Nyeri, mita 600 au 700 juu zaidi, maji yakawa baridi, na kanuni zote zinabadilika. Trauti aliletwa katika mito ya Aberdare mwaka 1905 na Ewart Grogan, ili walowezi wapate samaki wa kuvua kwa ndoana, na bado anafugwa Kiganjo na kando ya mito inayoshuka kutoka mlimani. Huyu ni mla nyama wa maji baridi. Utando wa chembe za mwili wake lazima ubaki laini hata maji yakiwa nyuzi 10, na kinachoulainisha ni omega-3. Ukimlisha mafuta ya mahindi peke yake hakui vizuri, mapezi yanalika, na majaribio ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 yalionyesha kwamba akishtuliwa kidogo anazimia. Tilapia anaweza kuwa na upungufu usioonekana, lakini trauti anaukataa waziwazi. Ndiyo maana chakula chake ni ghali, kina mafuta ya asilimia 15 hadi 25 ambayo sehemu yake lazima itoke baharini, na ndiyo maana mtalii anayeagiza trauti karibu na Nanyuki analipa bei ya kutisha. Katika bei hiyo amenunua omega-3 mara tano au zaidi ya aliyekula tilapia mjini Wang'uru.

Lakini hata hao walaji nyama wameanza kugeuzwa wala nafaka. Norway, mwaka 1990, chakula cha samoni kilikuwa asilimia 90 vitu vya baharini. Kufikia mwaka 2013 vilikuwa chini ya asilimia 30, na sehemu kubwa ya mafuta ikawa ya mbegu. Sababu ni ya haki: bahari haina samaki wadogo wa kutosha kulisha samaki wote wa kufugwa. Matokeo yalipimwa na Chuo Kikuu cha Stirling, Uskochi: kati ya mwaka 2006 na 2015, EPA na DHA katika samoni wa Uskochi zilipungua kwa nusu. Mlaji aliyekuwa akitosheka na kipande kimoja sasa alihitaji viwili. Hakuna aliyetangaziwa. Samaki alikuwa na rangi ile ile na bei ile ile.

Mtu atauliza, basi kwa nini tusiwape tilapia wetu omena? Omena wa Ziwa Victoria amejaa EPA na DHA, na tayari sehemu kubwa ya anayevuliwa huenda kwenye viwanda vya chakula cha mifugo. Hapa ndipo ninapokosa subira. Omena ni samaki wa maskini. Anauzwa kwa kikombe, analiwa mzima na mifupa yake, na mtoto wa mama asiye na uwezo wa kununua tilapia anaweza kumpata. Kumsaga, kumlisha tilapia, kisha kumuuzia tajiri tilapia yule, ni kupandisha mafuta mazuri ngazi ya mapato huku mengine yakipotea njiani, kwa kuwa samaki huchoma sehemu ya anachokula ili kuogelea. Kama haja yetu ni omega-3, omena na aliwe na mtu. Mwenye duka Mwea anauza omena mkavu mita chache kutoka kwenye gunia la pumba.

Mabuu ya nzi askari mweusi, yanayosifiwa sana siku hizi kama badala ya omena, yanastahili sifa kwa protini. Kwa mafuta hapana. Mafuta yao ni karibu yale ya nazi: asidi ya lauriki inaweza kufika asilimia 40, na EPA na DHA ni kama hakuna, isipokuwa mabuu wenyewe walishwe mabaki ya samaki. Kambare anayelishwa matumbo ya kuku kutoka machinjioni ananona haraka sana, na ukimpasua unaona mafuta ya manjano yamejaa tumboni. Ni mafuta ya kuku yaliyobadilisha mwenye nyumba.

Njia yenye matumaini zaidi kwa kidimbwi kidogo ni kumbadilishia samaki chakula mwishoni. Wafugaji wa samoni huitumia: miezi mingi mafuta ya mbegu, kisha wiki za mwisho mafuta ya samaki. Mafuta ya zamani hayafukuzwi. Huzidiwa na mapya kadiri samaki anavyoongezeka uzito, na Malcolm Jobling alionyesha mwaka 2003 kwamba mabadiliko hayo yanaweza kutabiriwa kwa hesabu ya kawaida ya kuchanganya. Kwa tilapia, mafuta ya kitani yamefanya kazi hiyo katika majaribio ya nchi mbalimbali, kwa kuwa zaidi ya nusu yake ni omega-3 fupi, na wiki chache zinatosha kuonekana tofauti. Kitani si zao la Kirinyaga. Lakini mfugaji anaweza kufika karibu kwa gharama ndogo akipunguza pumba na mahindi wiki sita za mwisho, akatunza maji yawe ya kijani kweli, na kupunguza idadi ya samaki ili kila mmoja apate mwani wa kutosha. Atapoteza gramu kadhaa za uzito. Hapo ndipo mpango huwa unakwama, kwa sababu hakuna anayemlipa kwa alichoongeza. Mpango wa biashara ya ufugaji samaki unaofadhiliwa na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo (IFAD), wenye makao yake Nyeri tangu mwaka 2018, umesaidia vikundi kupata vifaranga, chakula na masoko, na hayo ni ya msingi. Bei sokoni bado inasoma kilo na ukubwa. Walipojaa tilapia wa bei nafuu kutoka China hadi Rais Uhuru Kenyatta akalizungumzia jambo hilo hadharani mwaka 2018, mabishano yote yalikuwa ya bei na usalama. Wafugaji wa hapa wangeweza kusema samaki wetu amekula mwani. Hakuna aliyekuwa na cheti cha maabara cha kulithibitisha, na kipimo hicho kwa mfuko wa mfugaji mmoja ni ghali.

Na hata angekuwa nacho, kuna kikaango. Tilapia nchini Kenya hukatwa mikato ubavuni na kuzamishwa mzima ndani ya mafuta yanayochemka, mara nyingi mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia yaliyokwisha kukaanga samaki wengine asubuhi. Samaki mwenye mafuta asilimia 2 ni mkavu. Maji yake yakitoka, mafuta ya kikaango huingia kujaza nafasi. Anapofika mezani, sehemu kubwa ya mafuta yake haikutoka kwenye pumba, wala mwani, wala tembe. Ilitoka kwenye debe. Aliyechemsha samaki na nyanya na kitunguu, akamwaga mchuzi wote juu ya pishori, amekula karibu kila kilichokuwemo. Akinyonya na kichwa, vizuri zaidi: ubongo na macho ndimo tilapia anamohifadhi DHA yake hata anapokula vibaya, na kichwa ndicho ambacho hoteli za Nyeri zinazouza minofu mitupu hukitupa.